Malengelenge Kwenye Bampa

Mimi sijawahi kumpenda shemeji yangu, na sitaanza leo kwa sababu tu nasimulia habari zake. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namlilia. Yeye fundi rangi, mimi fundi bodi. Tumefanya kazi gereji moja miaka kumi na saba, na mke wake ni mdogo wangu wa tumbo moja. Gereji nzima ilimwita Papasa. Mimi waliniita Nyundo, na aliyewahi kubishana nami anajua kwamba jina hilo halikutokana na kazi peke yake.

Papasa alipata jina kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Mafundi rangi wengine hukagua kwa macho, huinama, hushika taa, huzunguka gari mara tatu. Yeye alifumba macho, akaweka kiganja kitupu juu ya bodi na kukipitisha taratibu kutoka juu kushuka chini, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akimaliza atasema "bado" au atasema "tayari", basi. Punje ya mchanga ambayo wewe huioni hata kwa miwani, yeye aliikuta kwa ngozi. Nilimchukia kwa hilo, na nilimchukia zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Kuna mlango mmoja niliunyoosha siku mbili nzima mpaka nikajiona sura. Mwenye gari kaja, kasimama, anausifu. Papasa akatoka chumba cha rangi hajaitwa na mtu, akafumba macho yake, akapitisha mkono.

"Shemeji, hapa pana bonde."

"Bonde liko kichwani kwako," nikamwambia.

Madam akaagiza rula ya chuma. Ikalazwa juu ya mlango, na mwanga ukapita chini yake. Mwenye gari akacheka, Madam akacheka, hata yule mama aliyekuwa akiosha magari akacheka na ndoo yake mkononi. Papasa hakucheka. Alisema tu, "Ni dogo sana, shemeji, utalirekebisha," kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Jambo lile lilinikaa rohoni miaka tisa.

Madam ndiye mwenye gereji, aliirithi kwa marehemu mumewe. Hakuwahi kushika spana maishani mwake, lakini ulimi wake ulikuwa unakata bati. Siku moja alimshika Papasa mkono akauinua mbele yetu sote. "Huu mkono ndio gereji," akasema. "Nyinyi wengine ni vyombo tu." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ungefanya nini?

Sasa njoo kwa mdogo wangu. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na watoto Mungu hakuwajalia. Asubuhi moja yuko kwenye cherehani akasikia upande mmoja umekufa ganzi, akadondoka na kitambaa bado kiko chini ya sindano. Kiharusi. Mkono ulirudi ndani ya miezi miwili. Mguu wa kulia ukabaki gogo.

Daktari wa viungo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alitupa masharti sisi wawili, mimi na Papasa, tukiwa tumesimama kama wanafunzi waliochelewa. Mguu uchuliwe kwa mafuta mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, kuanzia juu ya goti mpaka vidoleni, kisha ukunjwe na kunyooshwa mara hamsini. "Msiruke hata siku moja," akasema. "Msuli ukishakaza, msinitafute. Sitakuwa na la kuwasaidia."

Papasa hakuruka hata siku moja. Hili nalisema ingawa linanikera. Alimchua asubuhi kabla ya kazi, na mchana, sisi tunapokaa kula, yeye alikuwa anatembea mwendo wa kukimbia, dakika kumi kwenda na kumi kurudi, ili amchue tena. Alirudi ananuka kafuri. Yale mafuta yalikuwa mazito, meupe, yanateleza vibaya, ukiyashika leo unayasikia mpaka kesho. Alinawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye kiwiko, akajifuta, akaingia chumba cha rangi. Mwezi wa nane wa ugonjwa mdogo wangu aliweza kutoka kitandani akaenda mpaka mlangoni, hatua kumi na moja, ameshika ukuta. Alikuwa akizihesabu kwa sauti. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na alichokuwa akikitaka duniani ni kuikanyaga tena kwa mguu wake mwenyewe. "Kabla mwaka haujaisha, kaka," aliniambia. "Utaniletea suruali yako hiyo iliyochakaa niishone." Daktari naye alisema inawezekana, ila uchuaji usikatike.

Ndipo bampa zikaanza kurudi.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya gari dogo. Wakati huo jua lilikuwa kali, la kupasua lami. Mwenye gari akaja amekunja uso, akatuonyesha. Rangi imetoka malengelenge, madogo madogo, kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Papasa akalikuna moja kwa ukucha, na rangi ikabanduka kipande kizima, laini, kama utando wa maziwa. Chini yake plastiki nyeusi, tupu. Akaomba radhi, akabandua yote, akapiga msasa, akaanza upya.

Baada ya wiki mbili ikaja ya bluu. Kisha ya kijivu. Kisha ile nyeupe ikarudi mara ya pili.

Niwaeleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea. Bati unaweza kulitukana likakuvumilia. Plastiki ina kinyongo. Plastiki isipokauka vizuri, rangi inavimba. Ikiguswa na mafuta kidogo tu, rangi haishiki, inakaa juu yake kama mgeni aliyekataa kuvua viatu, na siku ya jua kali inainuka. Kwa hiyo bampa inaoshwa kwa sabuni, inakaushwa, inapigwa msasa laini, inafutwa kwa thina kuondoa mafuta, inapigwa praima yake maalumu ya kushikisha, ndipo rangi. Tatizo ni kwamba ukishaifuta plastiki kwa thina, vile vinyuzi vilivyoachwa na msasa vinasimama, kama vinyweleo vya mtu aliyesikia baridi. Kwenye bati Papasa alipitisha mkono kwanza, akafuta mwisho. Kwenye plastiki alifuta kwanza, akapitisha mkono mwisho kabisa, ili vile vinyuzi visimponyoke. Alifanya hivyo miaka yote na hakuna bampa iliyowahi kurudi. Nani angemwambia abadilishe?

Yeye akaamua kosa ni maji. Akasema bampa zinaletwa kwake zikiwa bado na unyevu ndani ya kona, na anayeziosha na kuzikausha ni yule mama wa ndoo. Mama yule alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye visigino vilivyopasuka kwa kukaa majini. Alikuwa kaanza kazi pale kabla yetu sote.

"Mwanangu, mimi nazianika mpaka zinachoma mkono," alimwambia Papasa.

"Mama, sisemi ni makusudi," Papasa akajibu. "Lakini rangi haidanganyi. Kuna maji."

Alilisema mbele ya Madam. Madam hakuuliza mara mbili. Mama akaambiwa aache aproni yake kwenye msumari na asirudi kesho. Akaja kwangu, akanishika mkono wa shati. "Nyundo, wewe unaniona kila siku ninavyozikausha. Sema neno." Nilikuwa nimeshika misumari mdomoni. Nilitikisa kichwa tu kama mtu asiyeweza kuongea, na misumari ile ningeweza kuitema wakati wowote. Akaenda zake na ndoo yake, maana ndoo ilikuwa yake. Papasa akaanza kuosha bampa mwenyewe, kuzikausha mwenyewe chini ya taa ya joto, mpaka unasikia harufu ya plastiki inataka kuyeyuka.

Na malengelenge yakaendelea.

Hapo Madam akachemka. Shule moja ya udereva ilikuwa imetuletea magari manne, bampa za mbele na za nyuma, na tatu kati yake zilirudi siku moja. Alimwita Papasa uwanjani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ikirudi nyingine moja, unatoka chumba cha rangi. Sikufukuzi. Utaosha magari, na ndoo utaitafuta mwenyewe." Papasa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Gereji nyingine zilikuwa zinachukua vijana. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mdogo wangu kwa daktari, ndiyo iliyokuwa ikileta mafuta. Alisimama pale kavu, akasema, "Sawa, Madam," akarudi ndani. Mimi nilijisikia vizuri. Sifichi. Nilikula siku hiyo nikaomba kuongezewa.

Bampa iliyofuata ilikuwa nyekundu. Mwenye gari aliliacha asubuhi kabla Madam hajafika, na kuing'oa bampa garini ni kazi yangu. Niliigeuza juani ili nione bolti, na mwanga ukaipiga kwa ubavu. Malengelenge yalikuwa yamejipanga. Mistari minne mirefu, sambamba, na mmoja mfupi kando. Nikaiangalia, nikaiangalia tena. Nikaweka mkono wangu mwenyewe juu yake, na kidole kikaenda mahali pa kidole.

Nikatoboa lengelenge moja kwa pini. Ndani palikuwa panateleza.

Nilikaa juu ya tairi nikacheka peke yangu. Miezi yote ile ametafuta maji, ametafuta vumbi, amebadilisha thina, amemfukuzisha mama wa watu, kumbe ni ule mkono. Mkono wa kuinuliwa juu na kupigiwa makofi. Anamchua mkewe, ananawa, na mafuta yamekwisha kuingia kwenye ngozi hayatoki, kisha anafuta bampa inakuwa safi kama sahani, halafu kwa heshima na taadhima anaipaka kafuri.

Mlango wa chumba cha rangi ulikuwa hatua chache kutoka pale nilipokaa. Alikuwa ndani peke yake. Ningeweza kuingia nikamwambia, "Shemeji, njoo uone kitu," na yote haya yangeishia hapo, sisi wawili, angetafuta njia yake kimyakimya. Mdogo wangu ni wake na ni wangu pia. Lakini nilikumbuka rula ya chuma. Nikaifunika bampa kwa gunia, nikasubiri wakati wa chai.

Wote walipokusanyika, mafundi, Madam na kikombe chake, wateja wawili, nikaitoa bampa nikaisimamisha juu ya benchi.

"Papasa," nikasema, "njoo uweke mkono hapa."

Akaja, akidhani namtania tu. Akauweka. Ukaingia pale kama ufunguo kwenye kitasa chake. Watu wakasogea.

"Tangu lini bampa zikaumwa miguu?" nikauliza. "Maana naona shemeji anazichua na dawa ya mke wake. Nyeupe kachua, bluu kachua, ya shule ya udereva kachua kwa kozi nzima. Zimekataa kutembea, ndiyo maana zinarudi!"

Gereji ikavunjika mbavu. Fundi umeme alilazimika kushika ukuta. Mteja mmoja akauliza kama na yeye anaweza kuleta gari lake lina maumivu ya mgongo, na Madam akamwaga chai kwa kicheko. Walimwita Daktari wa Bampa tangu dakika ile. Papasa hakuondoa mkono. Aliuacha pale juu ya malengelenge, akafumba macho kama kawaida yake, mpaka vicheko vikapungua.

"Ni kweli," akasema. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule mama hakuwa na kosa."

Madam alisema hayo yamepita, na hakuna mtu aliyetumwa kwenda kumwita yule mama.

Papasa akaachiwa chumba cha rangi kwa sharti bampa zisirudi tena, naye akajaribu kila njia. Alivaa glavu. Ndani ya glavu mkono wake ukawa mkono tu, kama wangu na wako. Aliacha punje ya mchanga kwenye boneti ya gari la daktari mmoja, na Madam akaipata yeye mwenyewe kwa ukucha wake. "Mafundi wa glavu wamejaa mjini," akamwambia. "Mimi nilikuajiri na ngozi yako." Akajaribu kumchua mkewe jioni tu, alale, aamke, anawe kwa thina mpaka ngozi ikachanika. Asubuhi akapitisha mkono kwenye kipande cha bampa chakavu, akakipiga rangi, akakiweka chini ya taa ya joto. Yakatoka malengelenge matano. Akajaribu mkono wa kushoto, na huo ulikuwa hausikii kitu. Akajaribu kumchua mkewe kwa glavu, mafuta yakazitafuna yakapenya mpaka kwenye ngozi, na mkono wa kushoto peke yake haukuweza kuukunja mguu.

"Mkono ni mmoja," Madam akamwambia. "Chagua unautumia wapi."

Ndipo akaja kwangu. Mchana, watu wanakula, akasimama mbele ya benchi langu mbele ya wote.

"Shemeji, nyundo yako haijali mafuta. Puti unayozibia mabonde haijali mafuta. Nisaidie mchana tu. Mara hamsini, dakika ishirini. Asubuhi atajinyoosha mwenyewe, nimemfundisha. Ni mdogo wako."

Unakataaje mbele za watu? Nikasema, "Ondoa shaka. Damu ni damu."

Nilikwenda siku nne. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kama mdai, sijui nishike wapi. Mguu wa mtu mzima ni kitu cha aibu ukiwa wa dada yako. Ulikuwa mweupe kwa ndani kwa kukosa jua, na wayo wake baridi. Nikauchua nilivyoweza.

"Kaka, huo si mlango wa gari," akasema, akicheka. "Mbona unanigonga?"

"Nyamaza, nahesabu."

"Umeruka kutoka ishirini ukaenda thelathini."

Siku ya nne alitembea hatua zake kumi na moja mbele yangu, akazidisha ya kumi na mbili, akashika fremu ya mlango na kugeuka kuniangalia kama nimwambie kitu. Nilimwambia nimechelewa kazini.

Siku ya tano kulikuja mteja mpya, na wenzangu wakaniita. "Nyundo, msimulie ile ya bampa." Nikaanza. Nilikuwa nimeshaitengeneza vizuri hadithi ile, na mwendo wa Papasa, na sauti ya Madam, na mahali pa kunyamaza kidogo kabla ya mkono kuwekwa. Nilipofika kwenye ule mzaha wa kozi nzima, saa saba ilikuwa imeshapita. Nikasema kesho. Kesho yake waliniita tena. Mimi miaka kumi na saba nimekula peke yangu juu ya tairi, hakuna aliyewahi kuniwekea nafasi kwenye benchi. Sasa nilikuwa nawekewa nafasi. Wiki ya kwanza nikasema kesho, wiki ya pili nikaacha kusema.

Nilingoja Papasa aje anikabe koo. Nilikuwa hata nimeandaa maneno, kwamba mke ni wake, kwamba mimi goti linaniuma, kwamba yeye aliahidi mbele ya wazee kumtunza. Hakuja. Badala yake, jioni tunapofunga, alisimama kando yangu akasema, "Ahsante, shemeji." Nilidhani ananikejeli. Kesho yake akasema tena vilevile. Mtu wa kejeli si huchoka mapema? Yeye hakuchoka, kwa sababu hakuwa akikejeli.

Bampa zikawa safi. Madam akaanza tena kumwinua mkono. Mwezi wa pili tangu niache kwenda, Papasa akaniambia, "Shemeji, anarudi nyuma. Hatua zilikuwa kumi na mbili, zikawa saba. Jana ameishia kwenye kiti. Unadhani tunakosea wapi?"

Tunakosea, alisema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mdogo wangu hajamwambia kitu.

"Ugonjwa huo una mambo yake," nikamjibu. Nikachukua nyundo nikaanza kupiga kitu ambacho hakikuhitaji kupigwa.

Ungeweza kwenda siku ile, mtaniambia. Ningeweza. Ilikuwa dakika kumi. Lakini ukishakosa miezi miwili, kuingia mlangoni inabidi uwe na la kusema, na mimi la kusema sikuwa nalo. Kila siku iliyopita iliufanya mlango ule mzito zaidi, na mimi nilikuwa na hasira naye, ndiyo, na mdogo wangu mwenyewe, kwa nini hanishtaki, kwa nini hapigi kelele, anaficha nini.

Mwezi wa nne tangu niache, Papasa akaomba ruhusa ya asubuhi moja, akaniomba nimsaidie kumbeba mkewe. Maana hata kitini sasa alikuwa hakai vizuri. Goti lilikuwa limejikunja, kisigino hakigusi chini. Tulimpakia kwenye gari la mteja lililokuwa likingoja vanishi, tukampeleka.

Daktari yule mfupi aliushika mguu, akajaribu kuunyoosha. Mdogo wangu akauma mdomo. Nyuma ya goti mishipa ilisimama mikavu, migumu, kama kamba ya kuanikia nguo. Daktari akajaribu tena, akaacha. Akavuta kiti, akakaa.

"Nani anamchua siku hizi?" akauliza.

Papasa akanyanyua kichwa aeleze. Mdogo wangu akamtangulia.

"Kaka yangu," akasema. "Kila siku mchana. Hajakosa hata siku moja."

Alikuwa akimwangalia daktari usoni. Mimi hakuniangalia. Nikasikia kichwa changu kinakubali, juu na chini, badala ya mdomo, kama siku ile ya misumari.

Daktari akaandika. "Basi hamna la kujilaumu," akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ya huruma. "Kuna misuli haisikii hata ukiifanyia nini. Mguu huu hautanyooka tena. Mzoesheni kiti cha magurudumu."

Papasa alilia. Mwanamume yule ambaye niliwachekesha watu kwa jina lake alilia waziwazi mbele ya daktari, kisha akageuka, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Alisema Mungu atanilipa. Alisema si kila ndugu angefanya hivyo. Nikasubiri anyamaze, na hakunyamaza upesi.

Yeye alirudi kazini kwa sababu kulikuwa na bampa mbili zinamngoja. Mimi nikampeleka mdogo wangu nyumbani, nikambeba kutoka kwenye gari, nikapita naye chumba cha mbele ambako cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, nikamlaza kitandani. Alikuwa mwepesi. Kwenye stuli kando ya kitanda kulikuwa na taulo iliyokunjwa na lile kopo la mafuta.

"Kwa nini umemdanganya mumeo?" nikamuuliza.

"Ningemwambia, angeacha kazi siku hiyohiyo aje kunichua. Tungekula nini?"

"Basi ungenitumia mtu. Ungeniita unitukane."

Akajivuta kwenye mto. Mguu ulibaki umekunjwa vilevile, akauvuta kwa mikono miwili akauweka sawa, kama mtu anayepanga kuni.

"Sikudhani umeacha," akasema. "Nilidhani umechelewa. Kila siku saa saba nilikunja gauni nikafungua kopo. Saa nane nikalifunika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jana."